Joto la tanuri la chuma la Wahaya

Tanuri la chuma la Wahaya ni tanuri la udongo lililotumika kupatia chuma kutoka mawe yenye madini hayo magharibi mwa Ziwa Viktoria, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Mabaki ya matanuri ya zamani yaliyochimbwa Kemondo, karibu na Bukoba, ni ya karne za kwanza baada ya Kristo.

Muundo

Shimo lilichimbwa na kukandikwa udongo wa kichuguu, kisha likajazwa matete yaliyounguzwa. Juu yake ulijengwa mnara mfupi wa pia. Hewa ilisukumwa na mivukuto kupitia kewa, yaani mabomba ya udongo, yaliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri.

Kupima na kuongoza joto

Mhunzi hakuwa na kipimajoto. Alitazama rangi ya moto: wekundu wa cheri ni takriban °C 750, manjano hupita °C 1,000, na weupe °C 1,300. Joto aliliongoza kwa kasi ya mivukuto na kwa kiasi cha makaa. Hewa ikipungua, mavi ya chuma hubaki mazito na hayajitengi. Ikizidi, chuma kilichokwisha kupatikana huungua tena. Chuma chenyewe huyeyuka kwenye °C 1,538, lakini hakikuhitaji kufika huko, kwani kilikusanyika kama bonge gumu. (Kwa zinki tatizo ni kinyume: huchemka kwenye °C 907, hivyo hutoka tanurini kama mvuke na kupotea usiponaswa.)

Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani wajenge tanuri upya. Walitumia themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha, ambazo hutoa umeme kidogo zinapopata moto. Katika jarida la Science mwaka 1978 walitangaza joto lililozidi °C 1,800.

Mjadala

Schmidt na Avery walieleza kwamba hewa ilipashwa joto ndani ya kewa kabla ya kufika kwenye makaa. Dai hilo ni zito, maana Ulaya mbinu ya kupasha hewa ilipewa hataza mwaka 1828 tu, kwa James Beaumont Neilson wa Uskoti. J. E. Rehder alilipinga mwaka 1986: kwa maoni yake hewa haikuweza kupata joto la kutosha katika mabomba hayo. David Killick naye alilihoji mwaka 1996. Ubishi huo unahusu njia ya kupashia hewa. Ustadi wa wazee hauguswi nao: bonge la chuma lilipatikana mbele ya watafiti, ingawa walikuwa hawajafanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, tangu chuma cha bei nafuu kutoka ng'ambo kilipojaa madukani.