Mama Mmoja, Vifaranga wa Kuku Watatu

Bibi yangu aliyefuga kuku Mwera, wilayani Pangani, hakumwachia kuku aatamie siku aitakayo. Wa kwanza akianza kung'ang'ania kiota, manyoya yamemtutumka na ukimsogelea anakoroma, bibi alimwekea yai moja bovu lililotiwa alama ya mkaa, alilalie tu asikate tamaa. Baada ya siku chache wa pili anaingia kiotani, kisha wa tatu. Hapo ndipo alipoyatoa mayai aliyoyahifadhi kwenye chungu cha mchanga, ncha ikitazama chini, akawalaza wote watatu jioni moja juu ya majivu na majani ya mwarobaini, utitiri wasiwasumbue. Siku ya 21 vifaranga walitotolewa ua mzima.

Kazi yenyewe ilikuwa usiku wake. Bibi aliipunguza chemli mpaka ikabaki cheche, akapasha mkono joto, akauingiza kwa nyuma chini ya bawa la kuku aliyemchagua awe mlezi. Hakuwahi kupeleka mkono kwa mbele, penye mdomo. Aliweka kifaranga mmoja, akanyamaza, akasikiliza. Kuku akijibu kile kilio cha kifaranga kwa sauti ya chini, ya kifuani, basi amempokea, na anayefuata aliingia. Akiinuka na kuanza kudonoa, bibi alimwacha atulie kwanza, au akamjaribu mwenzake. Kukipambazuka kuku mmoja alitoka na vifaranga zaidi ya ishirini, akiwaita kwenye chenga za mahindi kana kwamba wote kawaangua yeye.

Wale wawili waliobaki walifunikwa tenga juu ya mawe, upepo upite chini ya tumbo. Joto la tumboni likishapungua, hamu ya kulalia nayo hupungua. Walilishwa vizuri, wakarudi kwa jogoo, na wakataga mapema kuliko mwenzao aliyekuwa bado anazunguka na watoto. Faida ya mpango wote ilikuwa hapo.

Nilishangaa kuukuta utaratibu huu kwa Columella, mwandishi wa kilimo wa Roma wa karne ya 1. Anasema vifaranga wa kuku kadhaa wahamishiwe kwa mmoja, na ifanyike siku ya kwanza, mama akiwa bado hawezi kuwatofautisha wake na wa wenziwe kwa jinsi wanavyofanana. Wasizidi 30. Anataja pia watu waliotia matawi na misumari ya chuma chini ya majani ya kiota ili kuyakinga mayai na radi. Siamini kwamba Mwera ilijifunza kutoka Roma. Kuku ni yule yule, usiku ni ule ule, na anayemtazama kwa makini miaka mingi atafika pale pale. Kwetu muda wa kumtazama haukukosekana: mifupa iliyofukuliwa Unguja Ukuu inaonyesha kuku walikwishafika pwani hii zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Misri walimpumzisha kuku kabisa. Walijenga matanuri ya matofali ya udongo, wakayapasha moto kwa samadi na majani makavu, wakaangua maelfu ya mayai kwa mara moja. Fundi alipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope ya jicho. Mfaransa Réaumur, bingwa wa vipimajoto, aliandika kitabu juu ya ufundi huo mwaka 1749 na kujaribu kuuiga kwao. Vifaranga akawapata, lakini walezi hana, hata akawafundisha majogoo waliohasiwa kuwakumbatia watoto. Nalipenda sana jaribio hilo. Linaonyesha kwamba kuangua ni nusu tu ya kazi.

Karne ya 20 ilieneza kuku ambao kuatamia kumeondolewa katika damu yao, kama Leghorn weupe, kwa kuwa kuku anayelalia hatagi. Kwa kiwanda cha mayai hiyo ni hesabu sahihi. Kijijini ni habari nyingine. Kenya ilianza mwaka 1976 mpango mkubwa wa kuendeleza ufugaji wa kuku, na wanavijiji walipewa majogoo wa kigeni badala ya wale wa kwao. Machotara walikuwa wakubwa na mayai yaliongezeka, lakini chotara wengi ni wazito wa kuatamia, na pasipo umeme wala mashine ya kutotolea, mayai hayo huishia kikaangoni.

Leo maafisa ugani wanafundisha kulaza kuku kwa pamoja na kuwakusanyia vifaranga mlezi mmoja. Nafurahi. Ningefurahi zaidi kama wangeanza kwa kuwauliza akina bibi, maana kuku wenyewe ni kazi ya mikono yao. Kuku aliyesusa mayai pale kwetu aliuzwa kwa wachuuzi wa baiskeli wiki hiyo hiyo. Aliyefikisha kundi zima ukubwani, mwewe na vicheche wakimwinda, hakuuzwa kwa bei yoyote, na mitetea aliyoizaa ndiyo waliyopewa binti za bibi walipoolewa, wakaanzie nayo maboma yao.