Siku tatu ndani ya maji: muhogo, kimeng'enya na historia ya konzo

Koko wangu hakuingia hata siku moja kwenye darasa la kemia. Lakini kila mara njaa ilipotubana tukataka kutoa muhogo mchungu majini mbele ya wakati, alikuwa anasema tu: “Mutoto, muhogo habakimbizake. Acha ilale siku tatu.” Sisi tuliona ni ukaidi wa wazee. Neno lake nimekuja kulielewa iniversite, niliposoma historia ya Kwango.

Muhogo si mzaliwa wa Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta pwani ya Kongo katika karne ya 16. Mababu walipokea chakula, wakapokea na sumu yake. Ndani ya seli za muhogo mchungu kuna linamarini, kitu kinachobeba sianidi. Kwenye ukuta wa seli kuna kimeng'enya, yaani ile anzimu ya darasani, kinaitwa linamaraze. Seli ikiwa nzima, hivi viwili havikutani. Mzizi ukilainika majini, ao majani ya sombe yakitwangwa kwenye kinu, vinakutana: linamaraze inakata linamarini, sianidi inatoka na kupotea majini na hewani.

Kazi hiyo ina masharti yake. Kimeng'enya kinataka maji, joto la kiasi, uchachu usiozidi, na zaidi ya yote muda. Moto mkali unaharibu umbo lake, na kisha hakifanyi kazi tena. Lakini linamarini yenyewe inavumilia moto. Kwa hiyo mtu akichemsha vipande vya muhogo mchungu bila kuloweka, anaua mfanyakazi na kuiacha sumu.

Vitabu vyetu vinaanza historia ya vimeng'enya Ulaya: Payen na Persoz huko Ufaransa mwaka 1833, Kühne aliyetunga jina “enzyme” mwaka 1876, Buchner aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba maji yaliyokamuliwa kwenye chachu yanachachusha sukari hata bila seli hai. Sawa, tuwaheshimu. Lakini wakati Buchner anakamua chachu yake, mama zetu walikuwa wamekwisha kupangia vimeng'enya kazi kwa vizazi vingi. Jina tu ndilo hawakuwa nalo.

Sasa, masharti yakivunjwa inakuwa nini? Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa aliouona Kwango: mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Wanaoshikwa zaidi ni watoto na wamama. Wayaka waliuita konzo, ni kusema miguu iliyofungwa.

Miaka mingi baadaye, watafiti walirudi Bandundu wakakuta jambo la kushangaza. Barabara ya kwenda Kinshasa ilikuwa imetiwa lami, malori yanakuja, muhogo unauzwa haraka. Vijiji vingine vilipunguza kuloweka, kutoka siku tatu mpaka siku moja. Barabara ilileta pesa, lakini ilikula muda wa linamaraze. Konzo ikaingia majumbani.

Tena mwili wetu nao una kimeng'enya chake, rodanezi, kinachogeuza sianidi kuwa kitu kisicho kali sana. Hicho kinahitaji salfa, na salfa tunaipata kwenye samaki, nyama na mayai. Familia inayokula bugali ya muhogo asubuhi na jioni bila mboga ya maana inakosa kinga hiyo. Ndiyo maana konzo inapenda maskini. Hata Kivu Kusini iliripotiwa, wakati vita vimefukuza watu na kuharibu mashamba.

Dawa ya kurudisha miguu haipo. Ila kinga ipo, na ni rahisi. Bradbury, mtafiti wa Australia, alifundisha kulowesha unga wenyewe: unauchanganya na maji, unautandaza mwembamba, unauacha saa 2 juani ao saa 5 kivulini, kisha unasonga bugali siku hiyo hiyo. Linamaraze iliyobaki kwenye unga inamaliza kazi yake. Banea Mayambu na wenzake waliipeleka njia hiyo kwa wamama wa Kay Kalenge, kule Popokabaka, na wakati wa kazi hiyo hakuna mtu mpya aliyepata konzo.

Mimi sioni mjinga katika habari hii. Mama aliyetoa muhogo majini baada ya siku moja alikuwa na watoto wa kulisha na lori linalopiga honi. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumweleza zile siku tatu zilikuwa za nini. Mtu huyo ni wewe na mimi, tuliosoma anzimu kwa ajili ya mtihani tukaiacha kwenye daftari.

Kwenu muhogo unalowekwa siku ngapi? Muulize mama leo, kisha muulize kwa nini. Tuandikie hapa chini.