Msasa Kwanza, Nta Baadaye

Nakereza kalamu za mpingo, na vijana wanaokuja karakanani huniuliza napaka nini hata zing'ae vile. Mimi huwajibu kwamba mng'ao ni kazi ya msasa, na mafundi wa pwani walilijua hilo kabla karatasi ya msasa haijafika kwetu.

Miguu ya vitanda vya kale vya Lamu na Siyu ilikerezwa kwa kerezo la upinde. Fundi huketi chini, mkono mmoja ukivuta na kusukuma upinde, mwingine umeshika patasi. Mti huzunguka kwenda na kurudi, na patasi hukata upande mmoja tu. Siyu, mji ule wa kisiwa cha Pate ulioyashinda majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, mwaka 1845, ulisifika kwa kazi za mikono: mbao, ngozi, silaha, hata kunakili misahafu. Kulainisha mbao, watu wa pwani walichuma majani ya msasa, mti wa jamii ya mkuyu, jani lake lakwaruza kama ulimi wa paka. Kisha kijiti cha lakiri nyekundu au nyeusi kilibanwa kwenye mguu unaozunguka. Msuguano ukaiyeyusha, rangi ikashika.

Karatasi ilikuja baadaye. John Oakey alianza kuitengeneza kwa wingi London mwaka 1833, unga wa vioo juu ya gundi. Ile ya kulowesha maji ilitoka Marekani mwaka 1921, nami naishukuru, maana mpingo hauvumilii joto. Ndani ya kalamu mna mrija wa shaba. Ukikandamiza msasa mkavu, shaba hupata moto na kutanuka, na mpingo hupasuka ufa mwembamba usiouona mpaka ufute vumbi. Naanza na namba 150, kisha 240, 320, 400, hadi 600. Kila namba ikiisha nasimamisha mashine, nasugua kwa urefu wa nyuzi mpaka mikwaruzo ya mviringo iishe.

Siku hizi wengi hupaka supagluu, gundi iliyogunduliwa Marekani mwaka 1942. Kwa mbao laini, sawa. Mpingo una mafuta yake na ni mzito hata huzama majini. Kuuvika ganda la plastiki ni kuuficha. Nta ya nyuki yatosha.

Nawe uliyerithi kitanda cha kale chenye lakiri, tafadhali usikipake vanishi. Kifute vumbi kwa kitambaa kikavu, ukiache.