Unga wa Ng'ambo ya Mpaka

Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ikiwa imeingia Kongo kupitia Sakania, kusini-mashariki ya kituo cha mpakani cha Mokambo. Mwaka uliofuata tanuri la kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga lilianza kuyeyusha shaba. Makaa yalitoka Wankie, Rhodesia Kusini, na unga wa posho ya wafanyakazi nao uliagizwa kwa wingi kutoka Rhodesia. Kampuni ilijua ina wafanyakazi wangapi na kila mmoja anapewa posho kiasi gani kwa wiki, kwa hiyo iliagiza kwa hesabu.

Mama anayeuza unga katika soko la Lubumbashi hana hesabu hiyo. Bukari, yaani ugali wa mji huu, bado hutegemea sana mahindi ya Zambia yanayopita Kasumbalesa na Mokambo, jirani na Mufulira. Akisikia mpaka utafungwa, ananunua mara mbili ya kawaida. Mwenye ghala anayemuuzia anadhani walaji wameongezeka, naye anaagiza zaidi. Tetesi zikiisha, magunia yanabaki yakiliwa na wadudu. Hakuna nyumba iliyopika bukari zaidi.

Mhandisi Jay Forrester wa Marekani alieleza mtikisiko wa namna hii mwaka 1961. Baadaye, mwaka 1997, mtafiti Hau Lee na wenzake walitoa mfano wa nepi za Procter & Gamble: watoto walizitumia kwa kiasi kilekile, lakini maagizo yaliyofika kiwandani yalipanda na kushuka vibaya. Walishauri kiwanda kione mauzo ya dukani yenyewe, si maagizo tu.

Mokambo ilionja uchungu wa kutoambiana Agosti 2024. Kinshasa ilikuwa imepiga marufuku bia na vinywaji baridi kutoka nje, na madereva wa malori waliandamana Kasumbalesa. Tarehe 10 Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa pamoja. Waziri wake wa Biashara, Chipoka Mulenga, alisema nchi yake haikuwa imepata taarifa rasmi ya marufuku hiyo. Mzozo ulioanzia kwenye chupa ukasimamisha na malori yasiyobeba hata chupa moja, katika mwaka ambao ukame ulikuwa tayari umeyaunguza mahindi ya Zambia. Mpaka ulifunguliwa siku chache baadaye, baada ya mazungumzo. Barua moja iliyotumwa mapema ingegharimu kidogo mno kuliko siku hizo.

Vifaa havikosekani. Forodha za nchi zote mbili hutumia mfumo mmoja wa kompyuta uliotengenezwa na UNCTAD, shirika la biashara na maendeleo la Umoja wa Mataifa, ambao Wakongo huuita Sydonia. Kilichobaki ni ofisi hizo kupeana habari za malori kabla hayajafika Mokambo, na ghala za Lubumbashi kutangaza sokoni, kila wiki, zimebakiwa na magunia mangapi.