Remiksi Zilivyoibeba Pop ya Japani

Anayeisikia kwa mara ya kwanza ayu-mi-x, albamu ya remiksi ya Ayumi Hamasaki ya mwaka 1999, anaweza kuiona ni makombo: nyimbo zilizokwisha kuuzwa, zikaongezewa midundo na kurudishwa sokoni. Historia ya Avex, kampuni iliyoitoa, inasema kinyume. Kwao midundo ndiyo iliyotangulia, waimbaji wakafuata.

Mwaka 1988 Max Matsuura na wenzake waliianza Avex kama biashara ya jumla ya santuri kutoka nje, huko Machida, Tokyo. Mali iliyowatoa ilikuwa eurobeat, muziki wa kasi uliopikwa zaidi Italia huku wanunuzi wake wakubwa wakiwa Wajapani. Kisha, mwaka 1991, ukafunguliwa ukumbi wa Juliana's Tokyo kwenye maghala ya Shibaura. Uchumi ulikuwa umeanza kuporomoka, lakini nani alijali? Wasichana waliotoka kazini maofisini walipanda majukwaani na vipepeo vya manyoya ya ndege, wakacheza tekno. Avex ikatoa CD za muziki wa ukumbi huo, na mtu wa mkoani ambaye hajawahi kuukanyaga akaupata nyumbani kwake.

Walichokosa ni nyota wa kwao. Mwaka 1993 Tetsuya Komuro, mpiga kinanda wa TM Network, akawaletea trf: mwimbaji mmoja, YU-KI, pamoja na DJ KOO na wacheza dansi watatu. Kundi la muziki ambalo wengi wao hawaimbi! Hata hivyo, kati ya 1994 na 1995 singo zao tano mfululizo ziliuza zaidi ya nakala milioni moja kila moja, na Overnight Sensation ikanyakua Tuzo ya Rekodi ya Japani. Mwaka 1995 huohuo Namie Amuro alivuma kwa Try Me, eurobeat ya Italia iliyotiwa maneno ya Kijapani.

Kwa hiyo Hamasaki aliingia kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa. Mwaka 2001 nyimbo zake zilikabidhiwa mafundi wa muziki wa trance wa Ulaya, wakiwemo Above & Beyond wa Uingereza, ambao wimbo wake M walioufumua, kwa sikio langu, unaupita ule wa asili. Mwingine alikuwa Mholanzi Ferry Corsten. Huyu hakuishia kwenye remiksi: albamu ya Hamasaki ya I am..., iliyotoka Januari 2002, ina wimbo Connected, ambao muziki wake aliutunga yeye.