Rezista Mbili

Rafiki yangu mmoja anapiga gita kanisani Jumapili asubuhi na kwenye klabu Jumamosi usiku (anavyolala ni siri yake). Mwaka jana aliniambia anaweka pesa kando anunue pedali. Si pedali yoyote, ni Ibanez TS808 halisi, ile ya kabla hatujazaliwa, aiagize kutoka ng'ambo. Bei aliyonitajia ni ya kununua bodaboda iliyotumika.

Nikamuuliza, kwani ile TS9 yako ina shida gani?

"Haina shida," akasema. "Lakini si yenyewe."

Hilo neno "yenyewe" lilinikalia kichwani wiki nzima. Zote mbili ni za kijani, zote zinaitwa Tube Screamer, zote zina vitufe vitatu vya kuzungusha: cha mkwaruzo, cha toni na cha kiwango cha sauti. Sasa hiyo "yenyewe" inakaa wapi?

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya pedali hizi kulikuwa na amplifaya za valvu, zile zenye vioo vinavyowaka na kupata moto. Ukiongeza sauti kupita kiasi, valvu zinashindwa kubeba wimbi lote la umeme. Vilele vya wimbi vinabonyezwa, na gita linaanza kukoroma kwa utamu. Shida ni kwamba utamu huo ulikuja tu sauti ikiwa juu kabisa, wakati majirani wameshaanza kugonga mlango. Mafundi wa miaka ya 1970 walitaka mkoromo huo uingie kwenye kisanduku kidogo, kwa betri ya volti 9.

Kule Japani, kampuni ya Nisshin Onpa ilikuwa inaunda vifaa vya aina hii. Ilipoviuza yenyewe viliitwa Maxon, na ilipoiundia kampuni ya Hoshino Gakki vilitoka na jina la Ibanez. Mhandisi anayetajwa kuwa ndiye aliyebuni Tube Screamer ni Susumu Tamura. TS808 iliingia sokoni mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970. Ndani yake hakuna valvu hata moja, jina ni biashara tu. Kuna chipu ndogo ya kukuza mawimbi, diodi za kubonyeza vilele, na vikorokoro vingine vinavyotosha kwenye kiganja.

Alichofanya Tamura kina akili. Diodi hakuziweka mwishoni, mahali ambapo zingekata wimbi kama panga. Aliziweka kwenye njia inayorudisha umeme kwenye chipu, kwa hivyo zinabonyeza ile sauti iliyoongezwa tu. Sauti ya awali ya gita inapita pamoja nayo, chini chini, ikiwa nzima. Ukipiga kwa upole pedali inakuacha. Ukipiga kwa nguvu inakujibu.

Jambo la pili halisifiwi sana, na mimi naona ndilo kubwa. Saketi hii haikuzi besi sawa na sauti nyingine. Kuanzia karibu hezi 720 kwenda chini, ukuzaji unapungua taratibu. Uzi mnene kabisa wa gita ukipigwa wazi ni kama hezi 82, kwa hivyo uko mbali sana chini ya mpaka huo. Ukiisikiliza pedali peke yako chumbani unajiuliza, mbona gita linasikika kama mtu aliyebanwa pua? Sasa iingize kwenye bendi. Kama umewahi kupanda matatu yenye spika za besi chini ya kiti, unajua besi ikijaa huwezi sikia anayeimba anasema nini. Gita la Tube Screamer linaipisha besi na ngoma, linakaa pale katikati ambapo hata sauti ya binadamu inakaa, na watu wanalisikia hadi nyuma ya ukumbi. Wapigaji wa metal waligundua siri hiyo hiyo: wanaiweka mbele ya amplifaya inayonguruma tayari, mkwaruzo karibu na sifuri, kiwango juu, na besi iliyokuwa inatapakaa inakaza.

Mambo haya yote mawili yako kwenye 808. Yako pia kwenye TS9.

TS9 ilikuja mwaka 1982. Kisanduku kilibadilika: kitufe kidogo cha mraba cha kukanyagia kikatolewa, likawekwa bamba pana la chuma. Saketi ilibaki ile ile isipokuwa rezista mbili za mwisho, pale sauti inapotokea. Kwenye 808 ni ohm 100 na ohm 10,000. Kwenye TS9 ni ohm 470 na ohm 100,000. Basi. Watu husema TS9 ni kali kidogo na 808 ni laini, na sitabishana na masikio ya mtu, lakini hizo rezista mbili hazifiki bei ya maandazi.

Najua kuna mtu tayari anapiga kelele, "Na chipu je?" Chipu ya JRC4558D siku hizi inaheshimiwa kama mfupa wa mtakatifu. Ilikuwa chipu ya kawaida, ya bei ya chini. Hata hizo 808 za zamani hazikuwa na chipu moja: nyingine zilitoka na JRC4558D, nyingine na RC4558P ya Texas Instruments. TS9 nazo zikatoka na nyingine tena.

TS10 ya mwaka 1986 ndiyo iliyodharauliwa zaidi, na si bure, kwa sababu matundu ya kuchomeka waya yalishikiliwa na bodi yenyewe na yalivunjika haraka. Baadaye John Mayer akaonekana nayo. Bei ikapanda.

Lakini mtu aliyeipa 808 utukufu ni Stevie Ray Vaughan wa Texas. Albamu yake ya kwanza, Texas Flood, ilitoka 1983, na miaka yote hadi alipokufa kwenye ajali ya helikopta Agosti 1990, pedali ya kijani ilikuwa miguuni pake. Ila alizipitia zote: 808, kisha TS9, kisha TS10. Mpya ilipotoka, alihamia. Huyo ndiye mtu ambaye jina lake linatufanya tutafute ile ya zamani! Halafu alikuwa anatumia nyuzi nene za kuumiza vidole, gita limeshushwa nusu toni, amplifaya za valvu zimefunguliwa vilivyo, na mkono ule. Pedali ilikuwa inasukuma tu kitu kilichokuwa tayari kinaungua. Tamura, aliyeketi na kuamua besi ianze kupungua wapi, hakuna anayeweka pesa kando kwa ajili ya jina lake.

Ibanez ilirudisha TS9 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na TS808 mwaka 2004. Kuna mafundi Marekani waliojijengea biashara kwa kubadilisha TS9 ziwe na vipimo vya 808.

Nasi tukajaribu. Jumamosi moja tulirekodi rafiki yangu akipiga kipande kifupi kupitia TS9 yake, tukaifungua, nikatoa rezista mbili na kuweka za ohm 100 na 10,000, mikono ikitetemeka kwa sababu pedali si yangu. Tukarekodi tena kipande kile kile. Kisha nikamchezea bila kumwambia ipi ni ipi. Mara ya kwanza alipatia. Mara ya pili alikosea. Mara ya tatu alinyamaza muda mrefu, akasema, "Hebu rudia."

Alikataa nirudishe zile za zamani. Ziko kwangu, kwenye kiberiti kitupu. Pesa bado anaweka, lakini wiki iliyopita alikuwa anauliza bei ya amplifaya.