Adui Asiyepiga Hodi

Askari alindaye mpaka wa Busia na Tororo hukagua kila apitaye, lakini mishipa yake mwenyewe haikagui. Historia yaonya. Mwaka 1929 Daktari Donnison aliandika kwamba hakukuta shinikizo kubwa la damu miongoni mwa Waafrika aliowapima magharibi mwa Kenya. Mwaka 1969 Shaper na wenzake walieleza kuwa shinikizo la vijana wa Kisamburu lilipanda walipoingia jeshini, ambako chumvi ilizidi ya nyumbani. Kuanzia 2013 utafiti wa SEARCH uliwapima shinikizo hilo wanavijiji wa eneo la Tororo, pamoja na virusi vya UKIMWI. Mshipa ulemewao hukakamaa kimyakimya; moyo na ubongo huumia. Silaha hukaguliwa kabla ya vita. Mwili nao na ukaguliwe.